Kompyuta ya Kongo, saa ya Tanzania na fundi wa Mweru

NCHELENGE, Zambia

Kompyuta mpakato inayovuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa au Pweto, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huja na jambo ambalo mnunuzi wa Nchelenge huenda asiligundue mpaka afike nyumbani. Kibodi yake ni ya Kifaransa. Penye Q pana A, penye W pana Z, M imehamia kando ya L, na tarakimu haziandikiki mpaka kitufe cha Shift kishikiliwe.

Ikiwa aliyeweka mfumo upya alichagua kibodi ya Kiingereza, kinachobonyezwa na kinachoandikwa havilingani. Mwenye kompyuta anabonyeza A, mashine inapokea Q. Kwa kuwa neno la siri huonekana kama vinukta tu, haoni kosa lake. Anajaribu mara tatu, mara nne, kisha anaamini kwamba kompyuta imekufa au ameuziwa mali ya wizi.

Hakuna kilichokufa. Katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux, pembeni mwa ukurasa wa kuingilia pana alama ndogo ya lugha ya kibodi. Ikibadilishwa kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa, mlango unafunguka. Njia nyingine ni kuandika neno la siri kwanza kwenye nafasi ya jina la mtumiaji, ambako herufi zinaonekana, ili kujua kidole kinaandika nini.

Kompyuta iliyonunuliwa upande mwingine, katika mpaka wa Nakonde na Tunduma, ina kasoro tofauti: saa yake iko mbele kwa saa moja, kwa sababu ilipangwa kwa saa za Dar es Salaam. Zambia na Katanga zinafuata saa moja, Tanzania imetangulia, Kinshasa iko nyuma. Hiyo nayo si hitilafu ya chuma. Ni mpaka wa nchi uliobaki ndani ya mashine.

Matatizo ya aina hii, madogo kwa anayeyajua na makubwa kwa asiyeyajua, ndiyo yanayoamua kama kompyuta kuukuu katika mwambao huu itaendelea kufanya kazi au itageuka pambo la kabatini.

Mbali na duka, mbali na fundi

Nchelenge iko kaskazini mwa Jimbo la Luapula, karibu kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Lusaka. Makao makuu ya jimbo, Mansa, yako umbali wa zaidi ya kilomita 200. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 5,000 na linagawanywa na mpaka wa Zambia na Kongo. Mto Luapula unaingia kusini, Luvua unatoka kaskazini karibu na Pweto kuelekea Lualaba.

Uhai wa mji ni samaki. Soko la Kashikishi linajulikana kwa samaki wa kukaushwa na kwa chisense, wale samaki wadogo ambao msomaji wa Mwanza au Kigoma angewaita dagaa. Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo mitatu fedha huwa adimu, na hata kazi ya kuchapa barua au kutoa nakala hupungua.

Katika wilaya hiyohiyo, tangu Januari 2018, kuna makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa kupokea Wakongo waliokimbia machafuko ya majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wengi wao wanazungumza Kiswahili. Majirani zao Wazambia wanazungumza Kibemba. Ofisini na shuleni kinatumika Kiingereza, na vyeti ambavyo baadhi ya wakimbizi waliondoka navyo vimeandikwa kwa Kifaransa.

Katika mazingira hayo, kompyuta moja hubeba mambo ya watu wengi. Chukua mfano wa duka dogo la kuchapa na kutoa nakala. Ndani ya mashine yake mna barua za maombi ya kazi za vijana, taarifa za vikundi vya akiba, mitihani ya majaribio ya shule za jirani, na programu za mazishi. Mashine ikigoma siku ya mwisho ya kupokea maombi ya ualimu, anayepoteza si mwenye duka peke yake. Nauli ya kwenda Mansa na kurudi, pamoja na malipo ya fundi huko, inaweza kuzidi thamani ya kompyuta yenyewe.

Shule nazo zimo katika hesabu hiyo. Mtaala wa Zambia ulioanza kutumika mwaka 2014 ulifanya masomo ya kompyuta kuwa ya lazima katika madarasa ya sekondari ya awali. Mwanafunzi wa kijiji cha wavuvi anapimwa kwa somo lilelile analopimwa nalo mwenzake wa Lusaka. Shule ambayo nusu ya mashine zake zimelala haimpi nafasi sawa.

Oktoba 14, 2025

Tatizo hilo liliongezeka uzito Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ila ziliacha kupokea marekebisho ya bure ya usalama kwa utaratibu wa kawaida. Mrithi wake, Windows 11, anadai kichakataji cha miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kinachojulikana kama TPM 2.0. Mashine nyingi za mtumba, na nyingi za msaada zinazofika mashuleni, hazina sifa hizo.

Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia tatu: kununua mpya, kuendelea na mfumo usiolindwa, au kuhamia mfumo mwingine. Njia ya tatu ndiyo inayoleta habari za Linux.

Linux ilianza mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alipotoa hadharani kiini cha mfumo endeshi alichokiandika mwenyewe. Kwa kuwa ni programu huria, yeyote anaruhusiwa kuinakili, kuikagua, kuibadilisha na kuigawa. Juu ya kiini hicho makundi mbalimbali yamejenga mifumo kamili: Debian tangu 1993, Linux Mint tangu 2006, na Ubuntu, uliotolewa Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, mradi wa Ubuntu ulituma diski za bure kwa posta hadi kwa watu wasio na intaneti ya kutosha.

Kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2, toleo jepesi la Linux Mint liitwalo Xfce linafunguka, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa. Mashine kongwe zaidi, za biti 32, bado zinaweza kutumia Debian 12. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, halisakinishwi tena kwenye mashine hizo.

Jambo linalowafaa watu wa mbali ni kwamba mfumo huu unaweza kujaribiwa kabla ya kuwekwa. Flashi ya GB 8 inaandaliwa mara moja, inachomekwa, na kompyuta inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Mtumiaji anapima Wi-Fi, sauti, printa na kibodi. Kisichofanya kazi kinaonekana mapema, mafaili ya zamani yakiwa bado salama.

Intaneti kupitia simu

Tatizo la kwanza baada ya kuhama mara nyingi ni Wi-Fi kutoonekana. Baadhi ya vipokezi, hasa vya Broadcom, vinahitaji programu ndogo ya ndani ambayo haikuja na mfumo. Kuipata kunahitaji intaneti, na intaneti ndiyo haipo. Hapo wengi hukata tamaa na kurudi walikotoka.

Suluhisho liko mfukoni. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB, kisha ikaruhusiwa kugawa intaneti kwa njia ya waya huo, Linux huiona kana kwamba ni waya wa kawaida wa mtandao. Haihitaji kusakinisha kitu. Kupitia simu hiyo kompyuta inashusha programu ya kipokezi, na waya hauhitajiki tena. Debian yenyewe, kuanzia toleo la 12 la Juni 2023, iliamua kuweka programu nyingi za namna hiyo ndani ya kisakinishi chake.

Printa ni habari nyingine, na hapa busara ni kuuliza kabla ya kununua. Printa nyingi za wino za Epson za jamii ya L, zile zenye matangi pembeni, zina programu tayari katika hazina za Linux. Za HP zinashughulikiwa na kifurushi kiitwacho HPLIP, ingawa baadhi ya zile ndogo za leza, kama P1102, hudai kushusha kipande cha nyongeza mara moja kwa amri ya `hp-plugin`. Zinazosumbua zaidi ni baadhi ya printa ndogo za leza za Canon zinazotumia utaratibu uitwao CAPT. Mwenye duka anayeitegemea printa ya namna hiyo kwa riziki yake anapaswa kuijaribu kwanza kwa flashi, la sivyo atajikuta na mfumo mzuri usiotoa karatasi.

Betri ya thamani ndogo

Kuna kosa ambalo huonekana kama ugonjwa wa intaneti, kumbe ni saa. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, kwa kawaida CR2032, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Katika kompyuta kuukuu betri hiyo huwa imekwisha. Umeme ukikatika, tarehe inarudi miaka mingi nyuma.

Kompyuta inayodhani iko mwaka 2010 haikubali tovuti za leo, kwa sababu hati za usalama za tovuti hizo, kwa hesabu yake, bado hazijaanza kutumika. Kivinjari kinaonya kwamba muunganisho si salama. Mfumo nao unakataa kujisasisha, ukidai orodha ya programu imetoka wakati ambao haujafika. Mtumiaji analaumu mtandao wa simu na kununua kifurushi kingine cha data, nacho kinaisha bila faida.

Kinachotakiwa ni kutazama tarehe kwanza, kuirekebisha, kisha kubadilisha betri. Kwa saa za huku, amri ni `timedatectl set-timezone Africa/Lusaka`. Aliye ng'ambo ya ziwa ataandika `Africa/Lubumbashi` na kupata saa ileile.

Wale wanaoweka Linux na Windows katika kompyuta moja hukutana na kasoro ya jirani. Linux hutunza saa ya ndani kwa saa za dunia, wakati Windows huichukulia kuwa saa ya mahali. Matokeo yake, mtu akitoka Linux na kuingia Windows saa nne asubuhi, anaambiwa ni saa mbili. Tanzania tofauti hiyo ingekuwa saa tatu. Amri `timedatectl set-local-rtc 1` inaifanya Linux ifuate desturi ya mwenzake.

Umeme ukikatika

Ukame wa 2024 ulipopunguza maji ya Kariba, Zambia iliingia katika mgao mkali wa umeme. Kompyuta za mezani zisizo na betri ya akiba ndizo zilizoumia zaidi, kwa kuwa kila umeme unapokatika ghafla diski huachwa katikati ya kuandika.

Linux hutunza kumbukumbu ya kila badiliko kabla ya kulifanya, na mara nyingi hujirekebisha inapowaka. Mara chache haiwezi. Hapo kompyuta husimama kwenye ukurasa mweusi wenye neno `initramfs`, ikimtaka mtu akague diski kwa mkono. Kwa asiyejua, ukurasa huo unatisha kuliko ujumbe wowote.

Maelezo yote, hata hivyo, yamo humo humo. Mistari ya juu hutaja jina la sehemu ya diski yenye tatizo, mathalani `/dev/sda2`. Mtumiaji anaandika `fsck -y /dev/sda2`, anasubiri ukaguzi umalizike, kisha anaandika `reboot`. Katika hali nyingi mashine inawaka kama kawaida. Jina linalotumika ni lile lililotajwa na mashine yenyewe. Kunakili jina la kompyuta ya mwingine ni kosa.

Ukurasa huo ukirudi kila wiki wakati umeme haujakatika, basi diski yenyewe inakufa. Wakati huo kazi ya kwanza ni kuokoa mafaili, na matengenezo yafuate baadaye. Kompyuta inaweza kuwashwa kwa flashi, mafaili yakanakiliwa kwenye diski ya nje, ndipo diski mpya itafutwe. Diski ya kisasa ya SSD, hata ndogo, huipa mashine kongwe kasi kuliko badiliko lingine lolote.

Tatizo la tatu la jamii hii ni diski kujaa. Mtumiaji anaandika neno la siri sahihi, ukurasa unapepesa, kisha unamrudisha pale pale. Anaweza kudhani neno limekosewa. Mara nyingi mfumo umekosa nafasi ya kuandika hata faili dogo la kuanzia. Vitufe Ctrl, Alt na F3 vikibonyezwa pamoja hufungua ukurasa wa maandishi matupu. Humo `df -h` inaonyesha nafasi iliyobaki, `sudo apt clean` inafuta mabaki ya programu zilizoshushwa, na `sudo journalctl --vacuum-size=100M` inapunguza kumbukumbu za mfumo.

Flashi iliyopoteza mafaili

Kuna jambo ambalo duka lenye Linux linaweza kulifanya hata kwa wateja wasiojua Linux ni nini. Flashi zinazozunguka shuleni na maofisini hubeba virusi vinavyoficha mafaili na kuweka vijia vya mkato mahali pake. Mteja akifungua anaona vijia tu, na anaamini kazi yake imepotea.

Virusi hivyo viliandikwa kwa ajili ya Windows. Katika Linux haviwezi kujiendesha, na mafaili yaliyofichwa huonekana, kwa kuwa alama ya kuficha ya Windows haizuii chochote huku. Yanakiliwe mahali salama, flashi isafishwe, yarudishwe. Ni kazi ya dakika chache, lakini kwa mwanafunzi mwenye ripoti ya muhula mzima ndani ya flashi moja, ni muhula uliookolewa.

Hati zinazotoka Microsoft Office nazo hufunguka katika LibreOffice, ila kurasa wakati mwingine huhama: wasifu wa kurasa mbili unakuwa wa tatu. Sababu ya kawaida ni kukosekana kwa maandishi ya Calibri na Cambria. Maandishi huria ya Carlito na Caladea yalibuniwa kwa vipimo vilevile, na yakisakinishwa kurasa nyingi hurudi mahali pake.

Programu ndani ya basi dogo

Gharama ya data ndiyo inayowafanya wengi wasisasishe mfumo, na mfumo usiosasishwa hupoteza faida yake. Hapa tena kuna njia iliyotengenezwa kwa watu wa mbali. Programu iitwayo `apt-offline` huandika orodha ya vitu ambavyo kompyuta isiyo na intaneti inavihitaji. Orodha hiyo inawekwa kwenye flashi na kupewa mtu anayekwenda penye mtandao mzuri. Anashusha, anarudi na flashi, kompyuta inasasishwa bila kuunganishwa popote.

Kwa shule yenye mashine nyingi, kompyuta moja ikiwekewa `apt-cacher-ng` hushusha kila programu mara moja na kuzigawia nyingine zote kwa waya wa ndani. Darasa la mashine ishirini linalipia data ya mashine moja.

Zambia ina somo lake la zamani kuhusu kujitegemea kwa namna hii. Huko Macha, Jimbo la Kusini, mtandao wa jamii wa LinkNet ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kandokando ya hospitali ya misheni, ukitegemea setilaiti. Waanzilishi wake, akiwamo mhandisi Mholanzi Gertjan van Stam, walisisitiza kufundisha wenyeji wa hapo hapo kuutunza, kwa kuwa fundi wa kutoka mbali huchelewa na hugharimu. Hoja hiyo inafaa Nchelenge pia: kinachopungua mara nyingi ni mtu wa karibu anayejua pa kuanzia, kuliko mashine.

Lugha ya kosa

Na pa kuanzia ni kusoma ujumbe wa kosa. Hapo ndipo lugha inapoingia.

Tanzania ililiona hilo mapema. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika kutoka Sweden, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile ilionyesha kwamba menyu za kompyuta zinaweza kusomeka na mwalimu wa shule ya msingi bila kamusi. Leo LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, ina kikagua tahajia cha Kiswahili, na kifurushi chake kinapatikana katika Debian kwa jina la `hunspell-sw`.

Kibemba nacho kimo, ingawa kwa kiasi kidogo. Maktaba ya msingi inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux ina mpangilio uitwao `bem_ZM`, wenye majina ya siku na miezi kwa Kibemba. Upo pia wa Kilingala, `ln_CD`, na wa Kiswahili kwa Kenya na Tanzania. Msomi wa Nchelenge anaweza kuifanya kalenda ya kompyuta yake izungumze lugha ya nyumbani. Ujumbe wa makosa, lakini, bado unakuja kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa.

Kwa sababu hiyo, zana bora ya fundi wa mwambao inaweza kuwa daftari. Ujumbe unanakiliwa neno kwa neno, pamoja na tarehe, kilichofanyika kabla, na dawa iliyofaa. Kosa lilelile litarudi kwa mtu mwingine. Likiwa limeandikwa kwa Kibemba upande wa kushoto na kwa Kiswahili upande wa kulia, kijana wa Kashikishi na kijana wa Mantapala wanasoma daftari moja.

Nidhamu nyingine ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebandika amri kumi alizozipata popote, akaona mashine imepona, hajui kilichoiponya. Akaona imekufa, hajui kilichoiua.

Si dawa ya kila ugonjwa

Linux haitafaa kila meza. Mifumo kadhaa ya serikali ilijengwa juu ya Windows. SmartCare, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vya afya vya Zambia, ulianzia huko, na kompyuta ya kituo cha afya haipaswi kuguswa bila idhini ya wizara. Kadhalika, mwanafunzi aliyefundishwa kwa LibreOffice anaweza kukuta programu nyingine kwenye chumba cha mtihani, na mwalimu anapaswa kumwonyesha zote mbili. Programu za uhasibu za wafanyabiashara wengi nazo hazina toleo la Linux.

Vilevile, kuhama bila kunakili mafaili kwanza ni hatari. Kisakinishi huuliza kama kifute diski nzima, na anayejibu ndiyo kwa haraka hupoteza kila kitu. Swali hilo halina dawa baada ya kujibiwa.

Kwa hiyo, uamuzi wa busara ni wa mashine moja moja. Ile ya duka yenye printa inayokubalika, ile ya darasa iliyoachwa na Windows 10, ile ya kijana anayejifunza kuandika programu: hizo zina sababu ya kuhama. Nyingine zibaki zilipo.

Ziwa moja, saa moja

Mwaka 2019 nchi za Kusini mwa Afrika, SADC, zilikifanya Kiswahili kuwa lugha yao rasmi ya nne. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zambia iko SADC na COMESA, na jirani yake wa ng'ambo ya ziwa yuko katika jumuiya zote tatu. Katika makaratasi, Mweru ni mahali ambapo kanda zinakutana.

Katika meza ya fundi, mkutano huo una sura nyingine: kibodi ya Kifaransa, mfumo wa Kiingereza, saa ya Dar es Salaam na mteja anayeeleza tatizo lake kwa Kiswahili cha Katanga. Hakuna mkataba unaoweza kumfungulia kompyuta mteja huyo. Anayeweza ni mtu aliyeketi karibu naye, anayejua kwamba A yake ni Q, na aliyeliandika jambo hilo mahali ambapo atakayefuata atalisoma.